Bwawa dogo la zamani la umwagiliaji: namna ya kulikagua na kulitunza kabla ya kuruhusu watu kuoga, kuvua na kupiga kambi

Bwawa la umwagiliaji likishapita miaka arobaini au hamsini, aghalabu huwa limejipatia kazi ya pili ambayo hakuna aliyeipanga. Vijana wanaoga, wazee wanavua samaki, watu wanapigia picha juu ya tuta, na mwenye gari anaegesha kwenye kivuli cha mti ulioota wenyewe katikati ya mteremko. Maji bado yanakwenda shambani. Waliopungua ni wale wanaolitazama bwawa kama mtambo unaohitaji matunzo.

Mwongozo huu ni wa kamati ya watumia maji, mwenye shamba au yeyote aliyekabidhiwa bwawa la namna hiyo na sasa anataka watu walifurahie bila kuwaweka hatarini, wao na wanaoishi chini yake. Ninazungumzia zaidi mabwawa ya tuta la udongo, maana mengi ya zamani ndivyo yalivyo.

Udogo usikudanganye. Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa huhesabu kuwa kubwa bwawa lenye kimo cha mita 15 au zaidi, au la mita 5 hadi 15 linaloshika zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Yaliyo chini ya hapo mara nyingi hayana mhandisi wala faili. Lawn Lake, katika milima ya Colorado nchini Marekani, lilijengwa mwaka 1903 kwa ajili ya umwagiliaji, kimo chake kama mita 8 tu. Tarehe 15 Julai 1982 lilipasuka baada ya maji kuvuja penye maungio ya bomba la kutolea maji na kuula udongo kwa ndani. Watu watatu waliokufa walikuwa wamekuja kupiga kambi bondeni. Nchini Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba huko Solai lilipasuka wakati wa masika na kuua watu wasiopungua 47.

Kabla hujaanza hatua yoyote, shika kipimo kimoja cha kupimia kila ombi la starehe, liwe la gati la boti, la vibanda au la wavu wa samaki. Uliza: je, linagusa utoro, yaani njia ya kutorosha maji ya ziada? Linagusa bomba au geti la kutolea maji? Linapunguza nafasi iliyopo kati ya maji na kilele cha tuta? Likigusa lolote kati ya hayo matatu, jibu ni hapana mpaka mhandisi aseme vingine. Bwawa la South Fork, Pennsylvania, nchini Marekani, ambalo halikuwa dogo, liligeuzwa kuwa mahali pa starehe na klabu ya uvuvi na uwindaji. Kilele kilishushwa ili magari ya farasi yapishane, wavu ukawekwa kwenye utoro ili samaki wasitoroke, na mabomba ya chini yaliyokuwa yameng'olewa hayakurudishwa. Mvua kubwa ilipokuja, wavu ukaziba kwa takataka na hapakuwa na njia ya kupunguza maji. Tarehe 31 Mei 1889 tuta lilikwenda, na watu zaidi ya 2,200 wakafa. Hakuna kilichofanywa pale kwa nia mbaya. Kila kitu kilifanywa kwa ajili ya kufurahia ziwa.

Hatua ya kwanza: lifahamu bwawa lako

Michoro ya zamani huwa imepotea. Usikate tamaa, mtafute mgawa maji wa zamani, yule aliyekuwa akifungua geti miaka hiyo, ukae naye nusu siku. Atakuambia bomba limepita wapi, lilikuwa la chuma au la zege, mwaka gani maji yalikaribia kilele, na wapi paliwahi kutitia pakafukiwa. Mambo hayo hayamo kwenye karatasi yoyote.

Kisha pima. Kimo cha tuta kutoka kitako hadi kilele, urefu wake, upana wa kilele, upana na kina cha utoro, na umbali wa wima kutoka sakafu ya utoro hadi kilele. Kwa tuta dogo la udongo, umbali huo wa mwisho ukiwa chini ya mita 1 ni jambo la kumwonyesha mhandisi. Kwa ujazo wa maji kuna kadirio linalotosha kwa kuanzia: zidisha eneo la uso wa maji, mara kina kikubwa kabisa, mara 0.4. Bwawa la hekta 2 lenye kina cha mita 5 linabeba takriban mita za ujazo 40,000, yaani tani 40,000 za maji zimeegemea udongo.

Sasa geuka, shuka na kijito kwa miguu angalau kilomita tano, ukiandika kila nyumba, kivuko, barabara, kisima na mahali watu wanapolala. Usikadirie kwa kukumbuka. Bwawa lilipojengwa huenda bonde lilikuwa tupu; leo kuna familia. Uzito wa hatari ya bwawa hupimwa kwa watu walio chini yake, hata kama tuta linaonekana imara. Ukikuta makazi, mhandisi wa mabwawa si anasa tena, na mamlaka inayosimamia maji nchini mwako inapaswa kujua kwamba bwawa hilo lipo.

Hatua ya pili: lizunguke tuta kwa miguu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapofanya haraka. Fyekeni majani kwanza. Tuta lenye kichaka halikaguliki. Nendeni wawili, mmoja akiangalia na mwingine akiandika. Kagueni bwawa likiwa limejaa, maana uvujaji hujionyesha wakati huo, kisha rudini maji yakiwa yamepungua ili muuone mteremko wa upande wa maji.

Anzeni juu. Simama ncha moja ya tuta, chuchumaa, utazame kilele chote hadi ncha ya pili. Kinapaswa kunyooka au kuinuka kidogo katikati. Pakiwa na bonde, hata la sentimita ishirini, maji yatapapata siku ya mafuriko. Udongo haufanani na zege: maji yakianza kumwagika juu ya tuta, huchimba kuanzia kitako upande wa chini na kupanda kurudi juu, na kazi hiyo inaweza kuisha kwa saa chache. Mabonde haya mara nyingi hutokana na njia ya ng'ombe au magurudumu. Jazeni kwa udongo wa mfinyanzi ulioloweshwa kiasi na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15 hivi. Kumwaga lori la kifusi na kulisawazisha kwa jembe si ukarabati.

Nyufa zisomeni kwa mwelekeo wake. Ufa unaokwenda sambamba na tuta unaweza kuwa dalili kwamba upande mmoja unaanza kuteleza. Ufa unaokata tuta kwa upana ni wa kuogopa zaidi, kwa sababu ni njia iliyo tayari ya maji kupenya kutoka upande mmoja hadi mwingine. Chomekeni vigingi vidogo pande mbili za ufa, pimeni umbali kati yake, andikeni tarehe. Wiki ijayo pimeni tena.

Upande wa chini ndio unaosema ukweli. Wakati wa kiangazi tafuteni majani yaliyo mabichi peke yake katikati ya makavu. Hapo pana maji. Tembeeni kwenye kitako mkisikilizia miguu: udongo unaobonyea, matope pasipostahili, mtelezo, uvimbe. Tuta la udongo kuvuja kidogo si ajabu, karibu yote huvuja. Kinachotafutwa ni mabadiliko, na uchafu ndani ya maji.

Kwa hiyo chukueni glasi safi. Kingeni maji yanayotoka, yainueni kwenye mwanga, halafu iacheni glasi itulie juu ya jiwe kwa saa moja. Maji yakibaki maangavu na chini hakuna kitu, tuta linavuja bila kuliwa. Mkikuta utando wa udongo laini umetua chini ya glasi, hata kama ni mwembamba kama ukucha, ujue ni mwili wa tuta lenyewe huo unatoka chembe kwa chembe, na ndani yake kuna mfereji unaokua. Hapo hakuna kusubiri kikao cha mwezi: simu inapigwa siku hiyohiyo na maji yanaanza kupunguzwa.

Kiasi pia kipimwe. Elekezeni uvujaji kwenye kibomba kifupi, wekeni ndoo ya lita 20 na kuhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kwa sekunde. Andikeni pamoja na kimo cha maji bwawani siku hiyo, kwa sababu namba ya uvujaji bila kimo cha maji haina maana. Uvujaji ukiongezeka huku bwawa halikupanda, kuna jambo.

Miti ni ugomvi wa kila mahali, maana watu wanapenda kivuli. Mizizi hai hupasua njia, na mizizi iliyokufa ikaoza huacha bomba tupu. Miche ing'olewe ikingali midogo. Mti mkubwa msiukurupukie: kung'oa kisiki chenye mizizi minene huacha shimo ndani ya tuta, na shimo hilo lazima lichimbwe vizuri na kujazwa kwa kushindilia, maji yakiwa chini. Pandeni vivuli ng'ambo, mbali na kitako kwa mita 10 au zaidi. Mashimo ya nungunungu, panya na fuko yachimbuliwe hadi mwisho kisha yajazwe. Vichuguu vya mchwa navyo si pambo. Vishimo vyao hupita ndani sana, na vinahitaji kuchimbwa kabla ya kuzibwa. Kinachofaa juu ya tuta ni nyasi fupi zenye mizizi ya kushikana, basi.

Hatua ya tatu: fungua utoro

Kama una fedha ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, lifanye hapa. Mafuriko kupita juu ya tuta na maji kulila kwa ndani ndiyo magonjwa mawili yanayoua sehemu kubwa ya mabwawa ya udongo, na la kwanza mara nyingi huanzia kwenye utoro uliozibwa.

Na huzibwa na watu. Utafika ukute mifuko ya mchanga na mbao zimepangwa mlangoni ili maji yazidi kidogo wakati wa kiangazi, kisha zikasahaulika mpaka masika. Utakuta wavu wa samaki, uzio wa mifugo, daraja la mbao lenye nguzo katikati, kibanda cha mlinzi. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, bwawa la Ka Loko lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya mashamba ya miwa lilipasuka tarehe 14 Machi 2006 na kuua watu saba. Uchunguzi ulielekeza lawama kwenye utoro ambao haukuonekana tena, ulikuwa umefukiwa.

Ondoeni kila kitu. Samaki watakaotoroka msimu wa mvua watazaana tena. Fyekeni njia yote hadi pale inapoingia kijitoni, siyo mdomoni tu, na hakikisheni maji yakitoka hayarudi kupiga kitako cha tuta. Pakiwa na korongo linalopanda kuelekea bwawani, ripotini. Likifika juu, utoro mzima utaondoka. Magogo yanayoelea yakamatwe na kamba yenye maboya iliyotandazwa mbali mbele ya utoro. Kamba hiyo hiyo itawazuia waogeleaji na mitumbwi.

Waogeleaji wasifike hapo kwa sababu nyingine pia. Mahali ambapo maji yanaanguka kutoka kizingiti cha zege na kurudi nyuma yakizunguka, hata yawe yanaonekana ya kina cha kiuno, humvuta mtu chini, humtoa, humrudisha. Mwenye nguvu na hodari wa kuogelea huchoka humo.

Hatua ya nne: bomba, geti na mgawa maji

Geti la zamani huwa katika hali moja kati ya mbili: limeganda kwa kutu, au linafunguka lakini halifungi. Lijaribu angalau mara moja kwa mwaka, kufungua na kufunga kikamilifu, maji yakiwa na kimo cha kutosha na mtu akiangalia upande wa chini. Usilazimishe kwa kuongeza bomba kwenye mpini; fimbo iliyokatika ndani ya maji itakugharimu kuliko kutu. Geti lililoganda ni bwawa lisilo na breki. Wakati ukisubiri fundi, andaa sifoni, yaani mabomba yaliyojazwa maji yanayopita juu ya kilele na kuyavuta maji hadi upande wa chini, ila kumbuka sifoni haiinui maji zaidi ya mita 6 au 7 kutoka usoni mwake.

Kagua pia pale bomba linapotokea. Maji yakitoka ndani ya bomba ni sawa. Yakitoka kando ya bomba, kati yake na udongo, hiyo ni njia ileile iliyoliua bwawa la Lawn Lake.

Ukipunguza maji kwa matengenezo, nenda polepole. Sentimita 30 kwa siku ni mwendo wa tahadhari kwa tuta la zamani. Tuta lililoloweka likinyang'anywa maji ghafla, mteremko wa ndani huporomoka kwa uzito wake mwenyewe. Dharura ni jambo jingine, tutafika huko.

Sasa upande wa watu. Geti la kipenyo cha sentimita 60 lililo kwenye kina cha mita 4 linasukumwa na nguvu inayozidi uzito wa tani 1. Mtoto akipiga mbizi likiwa wazi, mguu au mgongo ukanaswa, marafiki watano hawamtoi. Weka nondo za kuzuia mlangoni, zenye nafasi ambazo kichwa cha mtoto hakipiti na eneo pana ili mvuto ugawanyike, na kataza kabisa kuoga ndani ya mita 30 kutoka hapo. Upande wa chini, ndani ya kisima cha kutulizia maji na kwenye mfereji mkuu, watoto hucheza sana kwa kuwa ni kina kifupi na maji ni safi. Kisha mgawa maji anafungua saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida yake.

Utaratibu uwe huu: anapiga filimbi au king'ora, anatembea mfereji mpaka kona ya kwanza kuhakikisha hamna mtu, anafungua robo, anasubiri dakika kumi, ndipo anafungua kikamilifu. Gurudumu la geti lifungwe kwa mnyororo na kufuli. Ufunguo ukae kwa watu wawili wanaojulikana. Ratiba ya kufungua ibandikwe mahali watu wanapoingilia.

Mfereji wenyewe usionekane kuwa salama kuliko bwawa. Kuta za zege zenye utelezi wa mwani, au za plastiki nene, hazipandiki. Mtu anakufa akiwa ameshika ukingo. Kila baada ya umbali fulani, na lazima kabla ya kila kalvati, pawe na vipandio vya chuma au kamba yenye mafundo.

Hatua ya tano: chora mipaka ya starehe

Chagua upande mmoja tu wa kuogea, ulio mbali na tuta, utoro na geti, wenye mteremko wa taratibu. Kabla ya kuutangaza, subiri maji yashuke uutembee. Mabwawa ya zamani yana siri chini: mashimo makubwa yalikochimbwa udongo wa kujengea tuta, visiki, uzio wa zamani wa seng'enge, hata misingi ya nyumba. Mtoto anatembea maji yakiwa kiunoni, hatua inayofuata hakuna ardhi. Pasipofaa weka vigingi, au achana napo.

Kumbuka kwamba hili ni bwawa la kazi na maji yake hupanda na kushuka. Alama ya kina uliyoiweka mwezi wa mvua ni uongo miezi mitatu baadaye. Kwa hiyo weka kipimo kilichosimama majini, kilichopakwa rangi kila nusu mita, na kanuni iwe: maji yakishuka chini ya alama fulani, kuoga kunafungwa. Ukingo unaobaki wazi huwa tope linalomeza mguu hadi pajani. Katika nchi za baridi kuna mtego wa aina yake, kwani maji yakishushwa chini ya barafu, barafu hubaki ikining'inia bila kitu cha kuiegemea.

Kupiga mbizi ya kichwa kutoka kwenye tuta, mnara wa geti au mti kupigwe marufuku bila mjadala. Shingo ikivunjika hakuna cha kujadili.

Uvuvi wa ndoana hauna shida kubwa, mradi wavuvi wasichimbe chambo kwenye tuta (wanapenda sana, udongo ni laini na wenye unyevu) na wasisimame kwenye kizingiti cha utoro. Mitumbwi na boti ndogo ziingilie upande wa kuogea au jirani yake, zisifungwe kwenye mnara wa geti, na kila aliyemo avae jaketi la kuokolea. Kuvaa, siyo kukalia. Magari yasipite juu ya tuta. Weka mawe makubwa mwanzoni na mwishoni, ukiacha njia moja yenye mnyororo kwa ajili ya mitambo ya matengenezo.

Kambi zisiwe bondeni chini ya bwawa, hata kama hapo ndipo penye majani mazuri. Pandisha mahema juu, kando ya maji, juu ya usawa wa kilele cha tuta.

Kuhusu maji yenyewe, mambo machache tu. Yakiwa na utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, funga kuoga na uzuie mifugo, maana huenda ni bakteria za kijani-bluu ambazo sumu yake huua ng'ombe na mbwa. Penye konokono wa kichocho, kuoga hakufai. Na hakuna kuosha bomba la kupulizia dawa popote karibu na bwawa.

Hatua ya sita: vifaa na watu wa kuokoa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Katika mabwawa madogo, mara nyingi anakufa wa kwanza na aliyemrukia.

Simika nguzo mbili au tatu zenye boya na kamba ya mita 20 inayoelea, pamoja na mti mrefu wa kunyoosha. Boya likikosekana, jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri na kufungiwa kamba linabeba mtu mzima. Vitu hivi vitaibiwa. Kwa hiyo vikague kila wiki. Fundisha mpangilio huu mpaka watoto waukariri: piga kelele, nyoosha mti, rusha kamba, na usiingie majini bila kitu cha kuelea.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui kawaida aanze kupuliziwa pumzi, ndipo kifua kikandamizwe: mara 30 kwa pumzi 2, kwa kasi ya mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Usipoteze muda kumning'iniza ili maji yatoke tumboni. Watu wawili wa kamati wafundishwe na mtaalamu wa huduma ya kwanza, na mmoja wao awepo siku za mapumziko.

Hatua ya saba: daftari na mpango wa dharura

Daftari la bei rahisi linatosha: tarehe, kimo cha maji, mvua, uvujaji, geti limefunguliwa kiasi gani, kilichoonekana, nani alikagua. Kila wiki wakati wa kiangazi, kila siku bwawa likiwa limejaa, na baada ya kila mvua kubwa au tetemeko. Picha zipigwe kutoka sehemu zilezile.

Mpango wa dharura uwe ukurasa mmoja, unaosomeka kwa tochi. Uwe na namba za simu za kila kaya uliyoiandika ulipotembea bondeni, njia ya kukimbilia ambayo ni kupanda kando na siyo kushuka na kijito, na jina la mwenye mamlaka ya kusema ondokeni. Awepo na wa pili wake. Hesabu muda kwa ukali: wimbi likienda mita 3 kwa sekunde, nyumba iliyo kilomita 2 chini ina dakika 11.

Dalili za kuwahamisha watu papo hapo ni hizi:

- maji machafu yanatoka kitakoni au kando ya bomba, na yanaongezeka;
- kizingia kinazunguka kwenye uso wa bwawa karibu na tuta;
- shimo limetitia juu ya kilele au mteremko;
- sehemu ya tuta imeteleza;
- maji yamebakiza kimo cha mkono kufika kilele na mvua haijakatika.

Watu wa bondeni kwanza, tuta baadaye. Bwawa la Teton, Idaho, nchini Marekani, tarehe 5 Juni 1976, lilionyesha maji machafu asubuhi na likapasuka dakika tatu kabla ya saa sita mchana. Matingatinga mawili yaliyopelekwa kuziba tundu yalimezwa. Lilikuwa bwawa kubwa lenye wahandisi wake, na bado muda ulikuwa huo.

Watu wakishaondoka, na kama mhandisi anaona panakaribika, yapo ya kufanya. Fungua geti lote, sasa sentimita 30 kwa siku hazina maana. Penye chemchemi inayobubujika kitakoni usiizibe kwa udongo. Maji yatatafuta tundu jingine. Izungushie mifuko ya mchanga kama kisima ili maji yapande ndani na kupunguza msukumo, au ifunike kwa mchanga mkavu, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Kilele kilicho chini kiinuliwe kwa mifuko ya mchanga. Hakuna mtu kusimama mbele ya tuta upande wa chini.

Mafuriko yakipita na tuta likiwa limesimama, waogeleaji watarudi kesho yake asubuhi kutazama maji mengi. Weka mtu langoni. Ukaguzi wa hatua ya pili unarudiwa wote, utoro unasafishwa, magogo yanaondolewa, sakafu ya upande wa kuogea inapimwa upya kwa mti mrefu kutoka kwenye mtumbwi, maana mafuriko huchimba mashimo mapya. Glasi ya maji ya kitakoni ikiwa safi kwa siku saba mfululizo, na geti likifunga na kufungua, ndipo mnyororo wa upande wa kuogea unafunguliwa.